Kabla Hujabandika Msimbo wa Matangazo

Barua pepe ya kwanza kutoka mtandao wa matangazo huja pale jina la tovuti yako linapoanza kutajwa vijiweni. Aliyeiandika atasifu kazi yako, ataitaja tovuti kwa jina, kisha ataahidi kwamba ukibandika msimbo wao leo, dola zitaanza kuingia wiki hii. Usimjibu siku hiyo hiyo. Kuna mambo ya kupima kwanza, na mengi ya hayo hayamo kwenye barua yake.

Naandika kwa ajili yako unayeendesha tovuti ya mambo ya mjini: bongo fleva, singeli, hip hop, gengetone, mitindo ya nguo na viatu, michoro ya ukutani, maisha ya wasanii. Huenda mko wawili au watatu, mna kompyuta moja ya kugombania na simu zenye kamera nzuri, na bili ya intaneti inatoka mfukoni mwa mmoja wenu. Tovuti za namna hii ndizo zinazomwandika msanii angali anarekodi kwenye chumba chenye magodoro ukutani. Magazeti makubwa humfuata akishakuwa na gari. Kazi hiyo ina thamani, na nataka iendelee kuwepo. Ndiyo maana nakuomba uingie kwenye ushirikiano huu ukijua unachotoa na unachopokea.

Mtandao wa matangazo ni dalali. Anakusanya nafasi kutoka maelfu ya tovuti, anazipeleka kwenye mnada unaofanyika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kila msomaji anapofungua ukurasa, na anakata chake. Udalali ni kazi halali, na tovuti changa inauhitaji. Lakini dalali anauza kwa jumla. Anachomwambia mnunuzi ni kwamba kuna kijana mwenye simu ya Android, yupo Dar es Salaam, saa tatu usiku. Kwamba kijana huyo anakuamini wewe kuliko redio linapokuja suala la nani anaimba nini Temeke wiki hii, hilo halimo kwenye bei ya dalali. Mpe nafasi zinazobaki. Kilicho bora, kiuze mwenyewe.

Anza na hesabu

Fungua takwimu za tovuti yako za miezi mitatu iliyopita, na usitazame jumla ya wasomaji peke yake. Tazama wanatoka nchi gani, wanafika kwa njia ipi (utafutaji wa Google, WhatsApp, Instagram, Facebook), na wanasoma kurasa ngapi kabla ya kuondoka. Nchi ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Wenye matangazo hununua kwa nchi, na msomaji aliyeko London au Minneapolis hugombaniwa na wanunuzi wengi kuliko aliyeko Morogoro, hata kama wote wawili wanasoma habari ile ile ya Kiswahili kwa dakika zile zile. Kama una Waswahili wa ughaibuni kwenye wasomaji wako, jua idadi yao. Ni karata yako ya kwanza katika mazungumzo.

Halafu piga hesabu ya fedha. Tuseme mtandao unakulipa senti 50 za dola kwa kila kurasa 1,000 zinazofunguliwa. Google AdSense, mtandao ambao wengi huanza nao tangu ulipoingia sokoni mwaka 2003, hautumi malipo mpaka salio lifike dola 100. Kwa bei hiyo ya mfano unahitaji kurasa 200,000. Tovuti yenye kurasa 40,000 kwa mwezi italipwa mara moja kila baada ya miezi mitano. Sasa mweke pembeni mwenye duka la viatu Kariakoo anayetaka vijana wa Dar wamjue. Akikulipa dola 100 kwa nafasi ya juu ya ukurasa wa kwanza kwa mwezi mmoja, amekupa yeye peke yake kile ambacho dalali angekuletea kwa miezi mitano. Sisemi dalali hafai. Nasema ijue bei yake kabla hujampa nafasi zote, kwa sababu watu wengi hubandika mabango mahali pote, wakaja kukosa pa kumweka mwenye duka alipobisha hodi.

Jambo lingine: mitandao haifanani. AdSense inapokea hata tovuti ndogo mradi inafuata masharti. Mediavine, ambayo husimamia matangazo ya tovuti kubwa zaidi, tangu 2020 ilikuwa ikidai matembezi 50,000 kwa mwezi kabla haijafungua mlango mdogo kwa tovuti ndogo. Taboola na MGID hukuwekea visanduku vya "habari unazoweza kupenda" chini ya makala. Kisha kuna mitandao ya madirisha yanayojifungua nyuma ya ukurasa, ambayo hupokea karibu kila mtu na haiulizi maswali. Hiyo ya mwisho ndiyo huandika barua tamu kuliko zote.

Nyimbo zisizo zako

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo tovuti nyingi za muziki za Afrika Mashariki zinapofungiwa.

Tovuti nyingi za aina hii zilijengwa juu ya maneno mawili: "pakua hapa". Wimbo unatoka asubuhi, mchana uko kwenye seva yako, na msomaji anaushusha bure. Msanii mwenyewe mara nyingi ndiye aliyekutumia kwa WhatsApp akikuomba umsukumie. Kwako huo ni ushirikiano. Kwa mtandao wa matangazo, ni kazi yenye hakimiliki inayogawiwa bila kibali kinachoonekana, na ni sababu tosha ya kukukataa, au mbaya zaidi, kukukubali kisha kukufungia akaunti salio likiwa limekaribia kulipwa.

Yaliyozikuta tovuti za hip hop za Marekani yanafaa kujulikana. Novemba 2010 serikali ya nchi hiyo ilitwaa majina ya tovuti kadhaa, zikiwemo OnSmash, RapGodfathers na Dajaz1, kwa madai ya uharamia wa muziki. Mwenye Dajaz1 alionyesha barua pepe za watu wa ndani ya kampuni za muziki waliomtumia nyimbo ili azitangaze. Tovuti yake ilirudishwa Desemba 2011, baada ya zaidi ya mwaka, bila mashtaka yoyote. Mwaka mzima gizani kwa tovuti ya habari za kila siku ni kifo, hata ukirudishiwa jina.

Katikati ya kipindi hicho, Juni 2011, GroupM, kundi kubwa la wakala wa matangazo, lilitoa orodha ya tovuti zaidi ya 2,000 ambazo halingezipelekea tena matangazo ya wateja wake. Majina mengi yalipendekezwa na kampuni za filamu na muziki. Katika mapendekezo ya Universal Music ilikutwa tovuti ya jarida la Vibe, na hata tovuti ya 50 Cent, msanii aliyekuwa akitoa albamu zake chini ya kampuni hiyo hiyo. Utaona jinsi inavyokuwa: idara ya promosheni inakutumia wimbo, idara ya sheria inakuandika kwenye orodha ya wezi, na wakala wa matangazo anaifuata orodha. Hakuna anayekupigia simu kukuuliza.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kuomba kuingia mtandao wowote wa maana. Toa faili za nyimbo kwenye seva yako. Badala yake weka vichezeo vya YouTube, Audiomack au Boomplay ndani ya makala, ili msomaji asikilize hapo hapo na mwenye wimbo apate hesabu yake. Kama msanii kweli anataka mumgawie wimbo bure, apate karatasi ya nusu ukurasa aitie saini: jina la wimbo, nani anamiliki rekodi, nani ametengeneza mdundo, ruhusa ya tovuti yako na mwisho wake. Prodyuza asiyetajwa kwenye karatasi hiyo ndiye atakayelalamika. Picha nazo ni hivyo hivyo: iliyotolewa Instagram ina mpigapicha wake. Mashairi ya nyimbo yanayochapwa mstari kwa mstari yana mwenyewe. Tanzania ofisi ya kuuliza ni COSOTA, na Kenya kuna bodi ya hakimiliki, KECOBO.

Na usidhani mtindo wa kushusha nyimbo bure hauwezi kuwa halali. Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwaka 2013, ilikwenda kwa wasanii, ikasaini nao, ikawapa wasikilizaji nyimbo za kushusha bure, na ikaingiza fedha kwa matangazo na udhamini wa kampuni. Mwaka 2020 hisa zake zikaorodheshwa kwenye soko la Copenhagen. Msikilizaji ni yule yule mwenye bando dogo anayetaka wimbo ukae kwenye simu. Kilichotofautiana ni mkataba.

Maneno yanayofukuza matangazo

Kampuni zinazotangaza huwapa wakala orodha ya maneno ambayo hazitaki kuonekana karibu nayo: risasi, bomu, kifo, damu, ngono. Programu husoma ukurasa, ikikuta neno, bango haliji. Kwa tovuti ya mambo ya mjini hilo ni pigo la kila siku, kwa sababu lugha ya muziki wetu inajaa vita na mauaji ambayo hayajamwumiza mtu. Msanii "ameua" kwenye jukwaa, ngoma ni "moto", albamu "imelipua" jiji. Programu haijui kwamba ni sifa.

Wakubwa nao wanaumia. Vice, iliyokulia kwenye utamaduni wa vijana wa mjini, mwaka 2019 ilitangaza kwamba haitakubali tena wenye matangazo kuzuia maneno 25, mengi yakiwa ya kutaja watu kwa dini, asili au jinsia yao. Mwaka uliofuata ikaeleza kwamba habari zake kuhusu George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi, na maandamano yaliyofuata zilikuwa zikiingiza kwa bei ya chini kwa asilimia 57 kuliko habari zake nyingine. Watu walizisoma sana, ila wenye matangazo walizikimbia.

Nini cha kufanya? Usibadili lugha ya makala. Wasomaji wako wanakuja kwa sababu unasema kama wao, na siku ukiandika kama taarifa ya wizara watakwenda kwingine. Badili vichwa vya habari pale tu panapowezekana bila kupoteza ladha, na tumia anuani ya ukurasa isiyo na maneno makali, kwa sababu programu huanza kusomea hapo. Habari za misiba, mashambulizi na kesi za ukatili zitoe kabisa kwenye mabango; ni heshima kwa wafiwa, na pia inakukinga na onyo. Kuhusu video za faragha za watu zinazosambazwa kwa jina la "konekisheni", usiziguse. Zinavunja maisha ya mtu, zinavunja sheria, na hakuna mtandao wa heshima utakaobaki nawe.

Angalia pia kama mtandao unakubali Kiswahili. Kila mtandao mkubwa una orodha ya lugha unazozihudumia, na masharti hutaka sehemu kubwa ya maandishi iwe katika lugha hizo. Sheng nzito, iliyochanganywa na Kiingereza na Kikikuyu, inaweza kuchanganya programu ikashindwa kujua ukurasa unahusu nini, ikakuletea tangazo lisilohusiana na lolote. Aya moja ya Kiswahili cha kawaida mwanzoni mwa makala husaidia.

Kuusoma mkataba

Mikataba mingi ya mitandao huja kama ukurasa mrefu wenye kitufe cha "nakubali" chini. Soma. Ukishindwa kusoma yote, tafuta mambo haya.

La kwanza ni upekee. Kuna mitandao inayodai iuze nafasi zako zote, na isiwepo mwingine. Wakati mwingine kifungu hicho kinakuzuia hata wewe kumwuzia mwenye duka la viatu. Kataa, au uandike wazi kwamba mauzo yako ya moja kwa moja hayahusiki. Mtandao ukisema haiwezekani, jibu ni kwamba kwenu pia haiwezekani.

Halafu tazama muda wa kulipwa. Siku 30 baada ya mwisho wa mwezi ni kawaida. 60 na 90 zipo. AdSense hutoa malipo kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Lakini chini kabisa ya mikataba mingine kuna sentensi inayosema utalipwa endapo tu wao watalipwa na mteja wao. Maana yake ni kwamba wewe, mwenye tovuti ya watu watatu, umegeuzwa mdhamini wa deni la kampuni usiyoijua. Omba sentensi hiyo iondolewe. Ikibaki, punguza nafasi unazowapa.

Tafuta pia nani anahesabu. Hesabu ya seva yako na ya kwao hazitalingana hata siku moja. Katika biashara hii tofauti ya hadi asilimia 10 huvumiliwa, na ikizidi hapo pande mbili hukaa kutafuta sababu. Mkataba unaosema hesabu yao ndiyo ya mwisho bila nafasi ya kuhoji haukufai.

Mwisho, muda wa kuvunja mkataba. Siku 30 za taarifa zinatosha. Mwaka mmoja unaojirudia wenyewe usipoandika barua ni kifungo.

Faili moja dogo

Mwaka 2017 IAB Tech Lab, taasisi inayoweka viwango vya matangazo ya mtandaoni, ilileta faili liitwalo ads.txt. Kabla ya hapo tapeli aliweza kusimama mnadani akasema anauza nafasi za tovuti yako, akalipwa, wewe usijue. Sasa unaweka faili la maandishi matupu kwenye mzizi wa tovuti yako, na ndani yake unaorodhesha wale tu unaowaruhusu kukuuzia. Kila mstari una jina la mtandao, namba ya akaunti, na neno DIRECT kama akaunti hiyo ni yako mwenyewe au RESELLER kama ni ya mwingine uliyemruhusu kukuuzia. Wanunuzi wengi wakubwa wakikuta muuzaji hayumo kwenye faili lako, hawanunui.

Kazi yako ni kulitunza. Mtandao mmoja unaweza kukuletea mistari mia, yote RESELLER, ukisema "bandika tu". Uliza kila kundi la nini. Mstari usioujua ni ruhusa uliyompa mtu usiyemjua kuuza jina lako, na ukishauweka hakuna atakayekukumbusha kuuondoa.

Kuhusu kubofya: usibofye matangazo yako mwenyewe, na usiwaombe rafiki zako. Yapo magrupu ya WhatsApp ambamo wenye tovuti hubofyana kwa zamu wakidhani wamepata ujanja. Mitandao huona simu zile zile zikirudi saa zile zile, hufuta mapato hayo na kumrudishia mwenye tangazo, na baada ya hapo akaunti hufungwa. Kununua "trafiki" ya bei poa nako ni hivyo. Mara nyingi ni roboti. Tangu mwanzo wa 2024, AdSense hulipa hasa kwa tangazo kuonekana badala ya kubofywa, kwa hiyo hata faida ya kinadharia ya ujanja huo imepungua.

Bando la msomaji

Msomaji wako amenunua bando la siku. Ukurasa wenye video zinazojicheza zenyewe, mabango yanayosogea na dirisha linalofunika maandishi unakula bando hilo kabla hajasoma aya ya pili. Hatarudi, na hatakuambia kwa nini.

Google Chrome nayo imeanza kuwasikiliza wasomaji. Tangu Februari 2018 kivinjari hicho huzuia matangazo yote kwenye tovuti zinazokaidi viwango vya muungano wa Coalition for Better Ads. Kwenye simu, viwango hivyo vinakataa madirisha yanayoruka, video zinazojicheza kwa sauti, rangi zinazomwekamweka, na matangazo yanayochukua zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa ukurasa. Tovuti ikiwekewa alama, mabango yote hupotea, hata yale mazuri.

Anza na mabango matatu kwenye makala: moja la 320 kwa 100 chini ya kichwa, moja la 300 kwa 250 katikati, lingine mwisho. Yaache mbali na vitufe vya kucheza wimbo. Kumtega msomaji abofye bango akidhani anacheza ngoma ni kosa kwa masharti na ni dharau kwake. Bango huhesabiwa limeonekana pale nusu yake inapokaa kwenye kioo kwa sekunde moja, kwa hiyo la chini kabisa ambalo hakuna anayelifikia linakushushia wastani wako tu.

Matangazo ya kukataa

Dashibodi ya kila mtandao mzuri ina sehemu ya kuzuia aina za matangazo. Ifungue siku ya kwanza, kabla bango la kwanza halijatokea.

Mimi ningezuia kamari. Najua kampuni za kubeti ndizo zenye mifuko mirefu kwenye soko letu, na najua hoja kwamba vijana wangebeti hata bila bango lako. Lakini wasomaji wako wengi ni vijana wasio na ajira, na umri wa baadhi yao huujui. Ukitaka sababu ya kibiashara, ipo pia: Aprili 2025 bodi ya kamari ya Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kubahatisha kwa siku 30, na tovuti iliyokuwa ikiishi kwa matangazo hayo ilibaki na nafasi tupu. Zuia pia mikopo ya haraka ya kwenye simu, krimu za kung'arisha ngozi na dawa za kukuza maungo. Huwezi kuandika makala ya kumsifu msanii anayejivunia weusi wake kisha pembeni kuna krimu ya kuufuta.

Kuna faragha pia. Mabango hufuata wasomaji kwa kuki. Kama una wasomaji Ulaya, tangu Januari 2024 Google inadai uwe na dirisha la kuomba ridhaa lililothibitishwa, vinginevyo matangazo yake huko yanapungua. Nyumbani kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022. Andika ukurasa wa sera ya faragha kwa Kiswahili ambacho msomaji wako atakielewa.

Kulipwa

AdSense ikiona umefikisha dola 10, hutuma barua ya karatasi yenye namba ya siri kwa posta, na usipoingiza namba hiyo ndani ya miezi minne matangazo husimama. Hakikisha sanduku la posta ulilojaza ni la mtu anayelifungua. Kama ni la shule uliyosoma au la ofisi ya mjomba, mwambie mapema. Jina kwenye akaunti ya benki lilingane herufi kwa herufi na jina kwenye akaunti ya matangazo. Mitandao ya Marekani itakuomba pia ujaze fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa huko.

Kwa mauzo yako ya moja kwa moja, kampuni ya simu au ya vinywaji haitakulipa kwa sababu tu umeandika vizuri. Itataka kampuni iliyosajiliwa, namba ya mlipakodi, na kabla ya kazi itatoa hati ya kuagiza kazi, LPO. Ikiwa Tanzania, itakudai risiti ya mashine ya EFD. Ikiwa Kenya, ankara ya mfumo wa kodi wa eTIMS. Kenya pia, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, mlipaji hukata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya mtandaoni kwa mkazi. Tanzania, uliza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kama maudhui yako yanahitaji leseni, maana kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa tena 2022. Yote haya ni usumbufu, na ndiyo yanayomtofautisha mwenye tovuti anayelipwa na anayeahidiwa.

Kuuza kwa pamoja

Jarida la Complex lilianzishwa na mbunifu wa mavazi Marc Eckō mwaka 2002. Kilicholikuza mtandaoni hakikuwa makala zake peke yake. Lilikusanya tovuti huru za hip hop, viatu na mitindo, ikiwemo Nah Right, likawa linaziuzia matangazo kwa pamoja. Mwenye tovuti aliendelea kuandika anavyotaka. Complex ilikwenda kwa kampuni kubwa ikiwa na wasomaji wa tovuti zote mkononi. Kampuni ambayo isingepoteza muda na tovuti moja ilikaa kusikiliza kundi. Mwaka 2016 kampuni za Verizon na Hearst zikainunua Complex, mwaka 2021 BuzzFeed ikaichukua kwa karibu dola milioni 300, na mwaka 2024 ikauzwa tena kwa kampuni ya NTWRK kwa dola milioni 108.6. Jina lile lile, kwa bei iliyoshuka kiasi hicho ndani ya miaka mitatu: mwenye tovuti ndogo anayemtegemea muuzaji mmoja hana usemi pale mmiliki wa muuzaji huyo anapobadilika.

Sisi tunaweza kuchukua lililo zuri hapo bila kumsubiri tajiri. Tafuta wenzako wanne: mmoja Mombasa, mwingine Arusha, mwingine Kampala, mwingine Bujumbura. Msigombee habari moja. Kubalianeni juu ya ukubwa wa mabango yanayofanana, bei moja, na waraka mmoja wa kurasa mbili unaoonyesha wasomaji wenu kwa nchi, umri na simu wanazotumia. Mmoja wenu awe muuzaji, alipwe kamisheni iliyoandikwa, na kila tovuti ibaki na haki ya kukataa tangazo lisiloifaa. Mwendeshe kwanza kampeni moja fupi, kwa mfano ya tamasha linalotaka wageni kutoka nchi jirani, kisha mkae na ripoti mezani kabla ya kusaini ya pili. Mgogoro utakaotokea utakuwa wa fedha kuchelewa, kwa hiyo siku ya kulipana iandikwe kabla ya siku ya kuanza.

Siku ya kuachana

Ukiamua kuondoka kwenye mtandao, tuma taarifa kwa maandishi na uhifadhi nakala. Pakua ripoti zote za mapato kabla ya kutoa taarifa hiyo, kwa sababu dashibodi inaweza kufungwa asubuhi inayofuata. Uliza salio lililo chini ya kima cha malipo litalipwaje. Ondoa msimbo wao kwenye kiolezo cha tovuti, na pia kwenye makala za zamani ambazo mwenzako aliubandika kwa mkono miaka miwili nyuma. Tafuta jina la mtandao huo kwenye hifadhidata nzima. Futa mistari yao yote kwenye ads.txt. Ondoa idhini yao kwenye akaunti yako ya Google kama mliwapa. Kisha fungua tovuti kwa simu ya bei rahisi, kwa bando la kawaida, ukiwa umetoka kwenye akaunti zako zote, na upitie kurasa kumi za miaka tofauti tofauti uone kama kuna bango lao lililobaki.